Nani alikutafsiria picha? Ladha ya sinema Tabora, tangu mkanda wa treni hadi flashi

Mzee wa Reli (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Juzi mjukuu wangu alirudi nyumbani na flashi aliyowekewa filamu sita, akaichomeka kwenye luninga, na kabla chai yangu haijapoa alikuwa ameshafungua tatu na kuziacha zote. Nilipomuuliza zina ubaya gani, alinijibu kwa mkato: "Hazijatafsiriwa, Babu." Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka kwamba mimi nilipokuwa na umri wake sikuwa naingia sinema mpaka nijue nitakaa karibu na nani.

Watu wanapozungumzia mabadiliko ya ladha ya sinema, kwa kawaida hutaja nchi: kwamba zamani tulipenda za Kihindi, zikaja za kareti, zikaja za Kinijeria, zikafuata za kwetu wenyewe, na sasa ni za Kikorea na za Kituruki. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini haielezi sababu. Mimi naona kwamba katika mji wa bara kama huu wetu, mambo mawili ndiyo yaliyoamua tupende nini: njia ambayo picha ilipitia mpaka kutufikia, na mtu aliyekuwa akitutafsiria. Naomba nieleze kwa kirefu, na anayeona nimekosea anisahihishe.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi karibu kila kitu cha starehe kilichotumika hapa kilishushwa stesheni, mikanda ya sinema ikiwemo. Mkanda wa siku zile haukuwa kitu cha kutia mfukoni. Picha moja ya Kihindi ya saa tatu ilikuja katika makopo mengi ya bati, ya duara na mazito, na marehemu baba yangu, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo pale stesheni, aliyatambua kwa uzito kabla hajasoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulijua picha ya Jumamosi ni ipi kabla bango halijatundikwa, na mimi nilipata heshima isiyo yangu miongoni mwa wenzangu wa Gongoni kwa habari hizo.

Nakumbuka Jumamosi moja ambapo kopo la katikati halikufika. Labda lilisahaulika njiani, labda lilipanda treni ya Mwanza badala ya kushuka kwetu, hatukuambiwa. Picha ilionyeshwa hivyo hivyo. Kabla ya mapumziko tulimwacha kijana akigombana na baba yake juu ya msichana maskini, na baada ya mapumziko tukamkuta ameshaoa, ana mtoto, na baba mwenyewe amepofuka. Ukumbi ulipiga kelele, viti vikagongwa, na watu wakadai fedha zao. Ndipo mzee mmoja, fundi cherehani wa mjini aliyekuwa ameiona picha ile Dodoma, akasimama katikati ya safu za viti na kutusimulia kipande kilichopotea, pamoja na nyimbo zake mbili. Miaka mingi baadaye niliitazama picha nzima kwenye kaseti, na naapa sehemu ile ilikuwa dhaifu kuliko alivyoisimulia fundi.

Mzee yule ndiye niliyekuwa namtafuta kila nikiingia. Hakuwa Mhindi, wala sidhani kama alijua Kihindi cha kutosha kununulia chumvi, lakini alikuwa amefanya kazi katika maduka ya Wahindi tangu ujana wake na alijua maneno yanayohusika: moyo, baba, heshima, kisasi. Mengine aliyajaza mwenyewe. Waliokaa safu yake walicheka kabla ya wengine, na waliokaa nyuma yake walimwomba apaze sauti. Nadhani ndiyo sababu picha za Kihindi zilitawala kwa muda mrefu namna ile: zilikuwa na nafasi ya kutafsiriwa. Mtu akiimba kwa dakika tano, fundi alikuwa na dakika tano za kueleza kwa nini anaimba.

Chukueni mfano wa Awara, ya mwaka 1951, aliyoiongoza na kuicheza Raj Kapoor, na ambayo baba yake mzazi, Prithviraj Kapoor, alicheza kama baba yake. Jaji anamfukuza mke wake mwenye mimba kwa kumshuku, na mtoto anakulia mitaani mpaka anakuwa mwizi. Na jaji huyo ndiye aliyekuwa akishikilia kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Sasa niambieni, ni nani mtu wa huku asiyewahi kusikia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka? Picha ile ilitoka mbali sana, lakini ilikuja kubishana na methali yetu. Wazee waliibishia barazani hata mwaka mzima baada ya mkanda kurudishwa, na wapo walioondoka duniani wakiwa bado upande wa jaji.

Kabla sijaendelea, niweke pembeni jambo moja. Sinema ya Kiswahili haikuanza na hawa vijana wa juzi. Mwaka 1952 ilitoka Muhogo Mchungu, na nyota wake alikuwa Rashidi Kawawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, na ambaye alisoma hapa hapa Tabora School. Tulikuwa basi na picha isiyohitaji mtafsiri miaka tisa kabla ya Uhuru. Kwamba mbegu ile ilichukua nusu karne kuota vizuri ni habari inayostahili uzi wake.

Kilichovunja utawala wa Wahindi kilikuwa mtu asiyehitaji kutafsiriwa kabisa. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na sisi tulianza kumwona akiwa tayari ni marehemu, jambo ambalo baadhi yetu tulikataa kuliamini. Alizungumza kidogo, na alichokisema kwa mguu kilieleweka tangu viti vya mbele hadi ghorofani. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972 kuna bango kwenye lango la bustani linalokataza mbwa na Wachina kuingia. Analirusha juu na kulivunja kwa teke hewani. Ukumbi mzima ulisimama. Wazee waliokumbuka milango ambayo wao wenyewe hawakuruhusiwa kupita enzi za mkoloni walipiga makofi pamoja na watoto wao. Isitoshe, hiyo ilikuwa miaka ambayo redio ilituletea kila siku habari za ukombozi wa Msumbiji na Angola, na Wachina walikuwa wakijenga reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975. Sisi wa Reli ya Kati tulikuwa hatujawaona kwa macho lakini tuliamini kila mmoja wao, hata mpishi, anajua kareti. Vijana walikata mipini ya majembe na kuiunganisha kwa mnyororo. Majembe yaliadimika nyumbani kwetu, na si kwa sababu ya kilimo.

Fundi cherehani hakupenda. Alikuja mara moja, akatazama mpaka mwisho, akasema, "Hapa hapana cha kueleza," na sikumwona tena ukumbini.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka kwa sababu haina raha. Tanzania Film Company, iliyoundwa mwaka 1968, ndiyo iliyopewa kazi ya kuingiza na kusambaza picha nchini; fedha za kigeni zikapungua, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaja, na picha mpya zikawa adimu kama sabuni. Mkanda mmoja ulionyeshwa mpaka ukawa na mikwaruzo, hata ikaonekana kama mvua inanyesha katika kila tukio, ndani ya nyumba na nje. Watu hawakuchoka na sinema. Walichoka na picha ile ile.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 80, deki za video zilianza kuingia. Kumbukeni kwamba Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 70, lakini sisi wa Bara hatukupata kituo chochote mpaka mwaka 1994, kwa hiyo kwa miaka kadhaa luninga ilikuwa kioo cha kaseti tu. Mwenye deki aliweka mabenchi uani, akazungushia turubai, akatoza kiingilio, na kibanda umiza kikazaliwa. Humo ndimo mtafsiri alipofufuka, safari hii akiwa na kipaza sauti. Dar es Salaam walimjua Lufufu, aliyekuwa gwiji wa kazi hiyo, na kanda zake zilisafiri mikoani. Lakini kila mji ulikuwa na waigaji wake. Wa kwetu alikuwa kijana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, aliyempa kila mhusika jina la mtaani. Steringi wa Kimarekani alipokuwa akifukuzwa na magari, kijana alitutangazia kwamba sasa anakata kona kuelekea Cheyo, na kwamba asipoangalia atagonga miembe. Sikuwa naamini kwamba filamu ya namna ile ingenifurahisha, lakini nilirudi kesho yake.

Baadaye zikaja za Kinijeria, ambazo mambo yake, wachawi, wakwe na fedha za haramu, tuliyatambua hata pale Kiingereza chake kilipotupita. Na kuanzia Girlfriend ya mwaka 2003 zikashika nafasi filamu za kwetu. Marehemu Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, jirani zetu hapa, alikuwa na sura ya mtu unayemfahamu. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa bado hajafika miaka 30, nilishuhudia wanawake wakilia sokoni kama waliofiwa na mdogo wao. Filamu hizo zilikuwa na kasoro, na kubwa kwangu ilikuwa ule mtindo wa kuvuta hadithi ya saa moja na nusu ili igawanywe Sehemu ya Kwanza na ya Pili, ununue diski mbili: mtu anashuka garini, anafunga mlango, anatazama nyumba, anapiga hatua, na muziki unaendelea. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa kizazi kizima kutazama bila kumtegemea mtafsiri. Nilidhani kazi yake imekwisha. Ndiyo maana jibu la mjukuu wangu limenishangaza.

Naomba maoni yenu, hasa walioshuhudia haya kwa macho.

Binti Isevya

Mzee wa Reli, shikamoo. Nimesoma uzi wako mpaka mwisho na nimeufurahia, ila kwa heshima zote naomba nikukosoe mahali pamoja: wanawake uliwaacha wapi? Katika maelezo yako yote wametokea mara moja tu, nao wanalia sokoni.

Mama yangu alikuwa mpenzi wa picha za Kihindi tangu usichana wake. Kwenda sinema kwake lilikuwa jambo la kujiandaa: walikwenda yeye na dada zake na jirani mmoja, wamevaa khanga mpya, na karanga wamezikaanga nyumbani ili wasinunue za mlangoni. Alipozungumzia ukumbi ule alizungumzia zaidi nguo za watu kuliko picha yenyewe. Sasa ninyi wanaume mnapenda kusimulia kwamba ladha ya watu ilihama kutoka Kihindi kwenda kareti, na kutoka kareti kwenda filamu za mabavu za kibandani. Ladha ya mama haikuhama. Kilichotokea ni kwamba viti viligeuka mabenchi, ukumbi ukageuka uwanja uliozungushiwa turubai, na ndani yake wakajaa vijana watupu wanaovuta sigara gizani. Mwanamke anayejiheshimu angekwenda kukaa wapi? Alibaki nyumbani, na ninyi mliobaki kule mkahesabiana wenyewe kwa wenyewe, mkasema huu ndio upendeleo wa mji mzima.

Deki ilipopata bei ambayo mwalimu anaweza kuikopa, mama aliirudia starehe yake sebuleni. Na ukitazama vizuri tamthilia zinazotazamwa sasa hivi majumbani, utaona ni picha ile ile ya Kihindi iliyokatwa vipande. Mwaka 2011 TBC walipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, mama alikuwa akizima jiko ili asipitwe. Hata Rais wa China, Xi Jinping, aliitaja katika hotuba yake pale Dar es Salaam Machi 2013. Mama hakushangaa hata kidogo. Alisema kwamba mtu yeyote mwenye mkwe anaielewa tamthilia ile. Baadaye akaingia kwenye Jumong ya Wakorea, akaimaliza, na sasa yuko kwa Waturuki. Mkwe mkorofi, mtoto aliyepotea, siri ya nani baba yake nani: hakuna kipya hapo kwa aliyemlilia Raj Kapoor.

Kwa hiyo mimi nasema ladha zilikuwa mbili tangu mwanzo, moja ikapewa jukwaa na nyingine ikapelekwa jikoni.

Kijana wa Ng'ambo

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mmoja wa hao wanaowawekea watu filamu kwenye flashi, kwa hiyo niruhusuni nieleze ninachokiona kila siku nikiwa nyuma ya kompyuta.

Mteja akifika hanitajii nchi, na mara nyingi hataji hata mwigizaji. Swali la kwanza ni "Imetafsiriwa?" na la pili ni "Na nani?" Jina la anayetafsiri ndilo linalouza. Nina wateja ambao watachukua filamu yoyote ile, ya Kihindi, ya Kikorea au ya Kimarekani, mradi sauti iliyo juu yake ni ya mtu wanayempenda, na wataikataa filamu kubwa ya mwaka huu ikiwa imetafsiriwa na mwingine. Wanafunzi wa sekondari za hapa mjini ndio pekee wanaoniomba zisizotafsiriwa, na hata wao wakirudi likizo kijijini huniomba nyingine zilizotafsiriwa kwa ajili ya nyumbani.

Kuhusu anachosema Dada Isevya, ni kweli kabisa. Asubuhi hadi saa nane mchana wateja wangu ni kina mama na mabinti, na wanachukua tamthilia kwa mafungu, sehemu 20 kwa mara moja. Kuanzia jioni ni vijana, na wao wanachukua za mapigano. Nikichanganya mafolda nagombezwa na pande zote mbili.

Mzee, hiyo Awara ninayo, nilipewa pamoja na faili nyingine nyingi za zamani. Tangu niipate hakuna aliyewahi kuiulizia.

Mwana Ujiji

Wakuu, nawasalimu kutoka ziwani. Sitaandika mengi. Huku kwetu Ujiji na Mwanga, mjini Kigoma, mtafsiri naye alihitaji mtafsiri. Kanda zilizotoka Dar es Salaam zilijaa Kiswahili cha vijiweni cha huko, na babu yangu, ambaye Kiswahili ndicho alichozaliwa nacho, alikuwa akiniuliza mimi mtoto maana ya maneno yaliyokuwa yakisemwa. Wakikaa nasi wageni waliovuka ziwa kutoka Kongo, nao Kiswahili chao kina njia yake, basi sentensi moja ya mwigizaji ilipita kwa watu watatu kabla ya kumfikia wa mwisho, na huyo wa mwisho alicheka wakati filamu imeshafika kwenye msiba. Nakubaliana na Mzee kwamba raha ilikuwa humo. Simkubali anapodai kwamba filamu za nyumbani zilimwondoa mtafsiri, maana sisi tulizitafsiri hata hizo.

Mzee wa Reli (mleta uzi)

Marahaba wanangu, na samahani kwa kuchelewa kujibu.

Binti Isevya, umenishinda na nakubali bila kujitetea. Nilikaa nikajaribu kukumbuka ni mwaka gani dada zangu waliacha kwenda sinema, nikagundua kwamba sijui, kwa sababu sikuona. Siku moja walikuwa wapo katika safu ya fundi cherehani, na siku nyingine hawakuwapo, na mimi nilikuwa natazama mbele. Nilimpigia simu mkubwa wao, anayeishi Nzega, nikamuuliza. Alisema aliacha kwa sababu kila wiki zilikuwa ngumi, na tena mlangoni walianza kushikwa mikono na wahuni. Kisha akaniuliza kama najua kilichokuwamo katika lile kopo lililopotea, kwa sababu yeye mpaka leo anakijua kwa maneno ya fundi tu. Nilimsimulia. Alisema ya fundi ilikuwa nzuri zaidi, kwa hiyo sasa tuko wawili.

Mwana Ujiji, hilo la sentensi kupita kwa watu watatu limenifanya nicheke peke yangu mpaka nikaulizwa kama ni mzima.

Kijana wa Ng'ambo, nilimtuma mjukuu kwako jana, na nashukuru hukumtoza. Tuliiweka Awara baada ya chakula cha usiku. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba luninga imeharibika, haina rangi. Nilimwambia akae. Jambo la pili alisema haijatafsiriwa, nikamwambia najua, nikavuta kiti changu karibu na chake. Kihindi changu ni cha fundi cherehani, yaani moyo, baba, heshima na kisasi, na mengine nikayajaza mwenyewe. Nyimbo zilinipa nafasi. Alishika simu mara mbili, mara ya tatu akaiweka chini. Kwenye tukio la mahakamani akaniuliza, "Babu, kwani huyu jaji hajui kwamba ndiye baba yake?" Nikamwambia apunguze maswali, asikilize.